Kila Kinachozidi Giga Mbili

Kompyuta ya nyumba ile ilijaa siku ya Ijumaa, saa nane mchana. Ilijazwa na harusi za watu wenye shangazi wengi, na kila shangazi lazima aonekane akicheza, tena aonekane kwa upande wake mzuri. Mwenye kazi hiyo alikuwa mpiga video ambaye mtaa mzima ulimwita Kamera. Yeye alipiga, mkewe akakata, akaunga, akatia muziki na kurekebisha sauti. Kwa hiyo mume alijulikana na mke alifanya kazi, jambo ambalo si geni duniani.

Kazi ilifanyika katika chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara. Kilikuwa na dirisha pana, mlango wa vioo na bango lililopauka. Meza ya kompyuta ilikaa karibu na mlango, maana ndipo palipokuwa na soketi isiyolegea.

"Kadi tatu hizi," Kamera alisema, akiziweka juu ya kibodi kana kwamba mkewe hakuwa akiandika. "Za mahafali. Kesho nazitaka tupu, nina kazi Jumatatu. Zihamishe."

"Zihamie wapi? Mashine imejaa mpaka kooni."

"Si ufute za zamani."

"Nafuta. Ila usinisimamie kichwani."

Kamera akatoka. Hakupenda kuona mkewe akifuta, kwa sababu alifutia kwenye lile dirisha jeusi la skrini, lisilo na picha wala vitufe, ambalo yeye Kamera aliliita dirisha la wachawi. Mkewe alikuwa amejifunza zamani, alipoajiriwa kwenye duka la kuchapa barua, na alilionea fahari kuzidi kidogo ilivyostahili. Lakini pia alikuwa na sababu. Kompyuta ile ilikuwa nzee, na kufungua folda moja yenye video mia kulichukua muda wa kuchemsha maji ya kuoga watu wanne. Kwenye dirisha jeusi unaandika amri kwa maneno, unabonyeza, imekwisha. Kompyuta haikuulizi kama una hakika. Wala haipeleki kitu kwenye kapu la taka ili kesho ukakiokote. Ukisema futa, inafuta.

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Mashine ya kupigia video ilirekodi faili za aina ya mov, kubwa kubwa. Filamu ikishakamilika ilitolewa kama mp4, ndogo, ya kuingia kwenye simu. Mteja akichukua filamu yake, wiki mbili zikapita bila kuja kulalamika kwamba mjomba fulani hakuonekana, zile mov zake hufutwa. Ndiyo kusema humo ndani kulikuwa na sheria moja iliyoeleweka bila kuandikwa: mov kubwa ni uchafu, mp4 ni mali.

Mke wa Kamera aliingia kwenye folda ya harusi. Kabla ya kufuta, akaandika amri ya kuorodhesha kwanza, kama alivyofundishwa: nionyeshe faili zote za mov zinazozidi giga mbili, kuanzia hapa nilipo. Zikaja sitini na moja. Alizisoma zote kwa kidole, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa harusi ambazo baadhi yake zilishavunjika. Sawa. Kisha akapanda ngazi moja juu, kwenye folda kubwa iliyobeba kazi zote na mambo ya nyumbani pia, ili aone jumla diski imeliwa kiasi gani.

Hapo ndipo alipoingia mteja kuulizia picha za pasi ya kusafiria. Mke wa Kamera akainuka, akampiga picha, akampiga tena kwa sababu alifumba macho, akampiga ya tatu kwa sababu alisema ya pili imemzeesha. Aliporudi kitini hakutazama yuko folda gani. Akabonyeza mshale wa juu mpaka ile amri ya kuorodhesha ikarudi vilevile, akabadilisha neno moja tu, badala ya kuonyesha ikawa kufuta, akabonyeza.

Kuanzia hapa nilipo, amri ilisema. Na alipokuwa sasa siyo pale alipokuwa mwanzo.

Ilichukua sekunde nne. Nafasi ikafunguka, mahame matupu ya giga na giga, na mke wa Kamera akafurahi kama mtu aliyefagia ua. Akachomeka kadi ya kwanza ya mahafali, kisha ya pili, kisha ya tatu.

*

Jumamosi asubuhi Kamera alisema watazame kama maneno ya Mzee yanaonekana vizuri kwenye televisheni, maana kesho ndiyo siku yenyewe.

Mzee alikuwa baba yake Kamera, na nyumba ilikuwa yake. Alifariki miezi miwili iliyopita. Katika mwaka wake wa mwisho mikono ilitetemeka hata hakuweza kuandika jina lake, na barua za kuandikiwa na watu wengine hakuziamini. Alimwambia Kamera amwekee kamera juu ya miguu yake mitatu, aiwashe, atoke nje. Alizungumza peke yake dakika arobaini. Baadaye akawaita watoto wake watatu, mmoja kwa simu, akawaambia: "Nyumba nimeigawa. Maneno yangu yako kwenye kompyuta. Mtayasikia siku mtakapokaa wote watatu, si kabla." Siku hiyo ilikuwa ikimngoja mtoto wa kwanza, Kaka Mkubwa, dereva wa lori la masafa, ambaye kila alipoahidi kuja alikuwa upande mwingine wa mpaka. Sasa alikuwa njiani. Angefika Jumapili.

Mke wa Kamera alifungua folda ya nyumbani. Zilikuwamo picha za watoto, risiti, na nyimbo. Faili ya Mzee haikuwamo. Akaifunga folda, akaifungua tena, jambo ambalo kila mtu hufanya na halijamsaidia mtu.

"Iko wapi?" Kamera akauliza.

Mkewe alikuwa anahesabu nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mteja wa pasi ya kusafiria. Faili ya Mzee ilikuwa mov. Ilikuwa mov kwa sababu Mzee mwenyewe alisema isikatwe, isiungwe, isitiwe kitu. Sauti yake ilikuwa imefifia na barabara ilikuwa na kelele, basi kazi pekee iliyoruhusiwa ilikuwa kuipandisha sauti, na mke wa Kamera aliifanya kwa uangalifu wote, kisha akaihifadhi kwa aina ileile ya mwanzo ili isipoteze ubora. Ilikuwa giga kumi na moja. Angekuwa mzembe akaitoa mp4 kama harusi ya mtu yeyote, ingekuwepo.

"Nimeifuta," alisema.

"Umeifuta vipi?"

"Na zile harusi. Jana."

Kamera akakaa chini polepole. "Nakala ipo kwenye ile flashi," akasema, halafu uso ukambadilika, kwa sababu alikumbuka. Flashi aliitoa wiki tatu zilizopita kwa mteja aliyekuja bila ya kwake. Aliisafisha kwanza, akampa, akajiambia atanunua nyingine. Kwa hiyo kosa lilikuwa la watu wawili, ila lile la mke lilikuwa la karibu zaidi na ndilo lililoonekana.

*

Fundi wa kuokoa faili alikuwa na kibanda chenye viti vitatu, na siku hiyo vyote vilikaliwa. Walisimama. Aliichomoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, akauliza bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele:

"Nani aliyefuta?"

"Mimi," mke wa Kamera akasema.

"Kwa amri au kwa mkono?"

"Kwa amri."

Fundi akainua kichwa sasa, akamtazama, akatabasamu. "Mama, hata mimi amri ile naiandika nikiwa nimekaa, nimekunywa chai, nimesoma mara mbili." Waliokaa kwenye viti wakacheka kidogo, si kwa ubaya, na kicheko cha namna hiyo ndicho kinachoumiza. "Baada ya kufuta mlifanya nini?"

"Nilihamisha kadi."

"Ngapi?"

"Tatu. Zilizojaa."

Fundi akavua miwani. "Sikilizeni. Ukifuta kitu, chenyewe hakiondoki hapohapo. Kinaondoka kibao cha mlangoni tu. Nyumba ipo, na mimi kazi yangu ni kwenda kupapasa niitafute. Lakini nyinyi mmeshampangisha mtu mwingine, naye ameshabomoa kuta. Mngeacha hii mashine bila kuigusa, leo tungekuwa tunacheka."

Alijaribu hata hivyo, kwa muda wa saa mbili. Alipata harusi nzima, kwa bahati mbaya. Alipata nusu ya kipaimara, sauti bila picha. Mwisho akapata picha moja ya faili ya Mzee, nusu yake rangi ya kijivu, na nusu nyingine ni kola ya shati na kidevu kilichonyolewa vibaya. Hapakuwa na sauti. Aliigeuza skrini ili waione. Kamera akaitazama, akasema asante, akatoka nje akasimama amegeukia ukuta.

*

Walirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani Kamera akapunguza mwendo.

"Wewe ulirekebisha sauti," akasema. "Uliyasikia."

"Niliyasikia."

"Yote?"

"Mara kumi na moja. Kila penye gari linapita ilibidi nirudie."

Miezi miwili mizima hakumwambia mumewe neno. Mzee ndiye aliyemruhusu asikilize, kwa sharti kwamba kazi yake ni sauti, maneno si yake. Alilishika sharti hilo kwa mikono miwili. Tumpe haki yake: ni wachache wangeweza. Lakini pia tuseme kweli, lilikuwa sharti lililomfaa.

"Alisema nini?" Kamera akauliza.

"Chumba cha mbele amempa dada yako."

Kamera akasimama kabisa.

Dada yake huyo alikuwa fundi cherehani, mkubwa kwake kwa miaka minne. Alirudi nyumbani ndoa ilipomshinda, na mwaka wa mwisho wa Mzee ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Alishonea kwenye ukumbi wa nyuma, penye paa la bati lililotoboka, ambako mteja akija inabidi apite jikoni kwanza aulize njia. Mvua ikinyesha alifunika nguo za watu kwa turubai akakaa juu ya ndoo akingoja. Siku ya Jumatano iliyopita alikuja mlangoni mwa chumba cha mbele akasema, "Wifi, nipishe kona tu hapo mlangoni, mpaka mvua ziishe." Mke wa Kamera alimjibu kwamba nyuzi na vumbi la vitambaa huingia kwenye feni ya kompyuta. Ni kweli huingia. Na Jumatano hiyo aliyekuwa akijibu alikuwa anajua chumba ni cha nani.

"Sisi tuwe wapi?" Kamera akauliza.

"Nyuma."

"Nyuma hakuna hata anayepita! Nani atajua tupo?" Alitembea hatua chache, akarudi. Sauti yake ikashuka. "Sikiliza, mama watoto. Nani mwingine anajua haya?"

"Hakuna."

"Basi na wewe hujui. Ulirekebisha sauti, hukusikiliza maneno. Mtu anaweza kurekebisha sauti bila kusikiliza maneno?"

"Hawezi."

"Wao hawajui kwamba hawezi," alisema Kamera.

*

Walimwambia dada mtu jioni hiyo, amesimama mbele ya cherehani na tepu shingoni. Kamera ndiye aliyesema. Alizunguka sana, akaanza na ubovu wa kompyuta, akapita kwa mahafali, akafika.

Dada hakupiga kelele. Alimgeukia wifi yake.

"Kati ya vyote," akasema. "Harusi zote zile, mpaka za watu walioachana. Umefuta ya baba yangu."

"Wifi, nilikosea folda. Naapa."

"Wewe hukosei. Siku zote unatuambia hukosei. Mumeo ndiye anayekosea, mimi ndiye nisiyejua mashine." Akaivua tepu shingoni akaikunja taratibu. "Ulijua kuna kitu changu humo, au ulikuwa unabahatisha?"

Kamera akadakia. "Dada, hakusikiliza. Yeye ni sauti tu."

"Sikukuuliza wewe."

Mke wa Kamera alifungua mdomo, akaufunga. Dada alichukua kimya hicho akaenda nacho, na kabla jua halijazama kilishafika bombani. Asubuhi ya Jumapili, mke wa Kamera alipokwenda kuteka maji, wanawake waliokuwa wakizungumza wakaanza ghafla kuzungumzia bei ya sabuni. Mmoja akampisha kwenye foleni kwa adabu ya kupita kiasi. Alipoinua ndoo akasikia nyuma yake mtu akisema, "Pole pole mama, usije ukatufuta," na kicheko kikazibwa na kiganja. Maji yalimmwagikia mguu mmoja mpaka nyumbani.

*

Kaka Mkubwa alifika saa tisa. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye haraka, na alikuwa amekwishaambiwa kwa simu. Aliketi kwenye kiti cha Mzee bila kufikiri, akajishtukia, akahamia kingine. Walikaa chumba cha mbele, kwa sababu ndicho chenye viti. Dada alikaa karibu na mlango. Mke wa Kamera hakuambiwa akae wala asikae, basi akasimama kando ya meza yake.

"Mimi usiku narudi barabarani," Kaka Mkubwa akaanza, "kwa hiyo tusivutane. Maneno ya baba yalikuwepo, hayapo. Yaliyopotea hatuwezi kuyagombania. Mimi naona hivi: kila mtu abaki alipo. Kamera hapa mbele na watoto wake, dada nyuma, mimi nitachukua chumba cha baba nikija. Tusije tukawa kichekesho cha mtaa."

"Tumeshakuwa," dada akasema.

"Una neno?"

"Ninalo, ila halina pa kwenda." Aliangalia barabarani kupitia kioo. "Wewe ulikuwa na baba kwa simu, huyu kwa salamu za mlangoni. Mimi nilikuwa naye kwa mikono. Sikutaka mali yake. Nilitaka siku moja nikae nisikie amesema nini juu yangu. Basi. Hata kama angesema hanipi kitu."

Kaka Mkubwa akajikuna shingo. Alikuwa na huruma, lakini alikuwa pia na lori. "Shemeji," akasema, akimgeukia mke wa Kamera, "nikuulize tu ili niondoke na moyo mweupe. Wewe ndiye uliyeishughulikia ile video. Hukusikia hata kidogo?"

"Kaka, nimeshasema," Kamera akasema haraka. "Yeye alipandisha sauti tu. Ni kama fundi redio, hasikilizi taarifa ya habari."

"Haya. Basi ni bahati mbaya."

"Ni bahati yake," dada akasema, bila hasira yoyote.

Mke wa Kamera angeweza kunyamaza. Mumewe alimtazama kwa macho ya kumwomba, na chumba chote kile, dirisha na soketi isiyolegea, kilikuwa upande wake. Wezi wengi wanaishi vizuri mtaani na wanasalimiwa. Lakini yeye hakuwa mwizi, alikuwa mtu aliyekosea folda, na njia pekee ya kulithibitisha hilo ilikuwa kutoa kile ambacho mwizi angekificha.

"Niliyasikia," akasema. "Yote."

"Mama watoto," Kamera akasema.

"Niliyasikia mara kumi na moja. Kwanza aliomba maji, akakumbuka hakuna mtu chumbani, akacheka. Halafu akasema: 'Chumba cha mbele ni cha binti yangu. Aweke cherehani yake pale, watu wamwone akiwa kazini. Ameniosha mwaka mzima na hajanikunjia uso hata siku moja, na mimi najua ninavyonuka.'" Alikuwa akizungumza polepole, akisimama kila mahali Mzee aliposimama, bila kujua kwamba anafanya hivyo. "'Kamera na mkewe wahamie nyuma. Kazi yao haihitaji barabara, inahitaji utulivu. Bati la nyuma walitengeneze, nimekwisha kusema sana. Mkubwa achukue chumba changu. Yeye hakai, na chumba cha mtu asiyekaa hakigombanishi watu.'"

Kaka Mkubwa ndiye aliyeuliza lile ambalo lazima mtu aliulize.

"Tutajuaje kwamba ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo," dada akasema. "Hajisingizii hasara huyu. Na baba ndivyo anavyozungumza." Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyashughulikia. Kisha yakakauka, na akamtazama wifi yake kwa namna nyingine. "Kwa hiyo ulijua."

"Wifi..."

"Jumatano nilikuja kukuomba kona. Kona! Nimesimama hapo mlangoni na kanga imelowa, ukaniambia habari ya feni. Ulikuwa unajua unaninyima chumba changu mwenyewe."

"Mzee alisema isisikike mpaka mkae wote watatu. Nisingeweza kusema."

"Sikukuomba useme. Nilikuomba unipishe."

Faili ilikuwa ajali, na sasa hata adui yake aliamini ilikuwa ajali. Ila Jumatano haikuwa ajali. Hakuna mteja aliyeingia kumchanganya siku hiyo. Alikuwa amekaa, ametulia, anajua yuko wapi.

Kamera alikuwa ameinamisha kichwa. Kaka Mkubwa akatazama saa yake, akaona aibu, akaifunika kwa mkono.

"Hakusema kingine?" dada akauliza. "Dakika arobaini hizo. Juu yangu, au juu ya mtu yeyote."

Mengine yalikuwa hadithi za ujana wa Mzee na majina ya watu aliotaka wasamehewe. Mke wa Kamera angeweza kuyasema hayo na kuishia hapo. Alitazama sakafu, akatazama nyaya zilizozagaa chini ya meza.

"Mwishoni alinitaja mimi," akasema.

"Akasemaje?"

"Alisema: 'Mkwe, najua wewe ndiye utakayesikia wa kwanza, umevaa hayo madude yako masikioni. Maneno usiyatoe. Lakini usingoje wenzako wakae. Mpishe wifi yako mapema, kimya kimya, waone ni hiari yako. Nakupa nafasi hiyo wewe.'"

Alilia pale aliposimama, waziwazi, mikono ikiwa imening'inia, kama mtoto aliyeshikwa. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Kamera aliinuka nusu, akakaa tena.

Dada aliinuka kabisa. Alipita mbele yao wote akaenda nyuma, wakasikia turubai likivutwa na kitu kizito kikikwaruza sakafu ya ukumbi. Kikakwaruza kidogo, kikasimama. Kikakwaruza tena.

"Wifi," sauti yake ikatoka huko nyuma, kavu. "Njoo ushike upande wa pili."

Mke wa Kamera akapangusa uso kwa kanga, akaenda. Waliinua cherehani pamoja na meza yake ya chuma, mmoja huku na mmoja kule, wakapita jikoni kwa ubavu, wakapita koridoni, hawatazamani. Kaka Mkubwa akawasogezea viti. Walipofika chumba cha mbele hawakuweza kuingia zaidi, kwa sababu meza ya kompyuta ilikuwa imeziba nafasi ya mlangoni.

"Tua," dada akasema. Wakatua. "Toa kwanza vitu vyako."

Mke wa Kamera akapiga magoti chini ya meza, akaanza kuchomoa nyaya.